Zamu ya kuwatembelea wazee kijijini: tuangalie nini, na tukikuta jambo tuanzie wapi?

katibu_zamu aliuliza:

Wakuu, salamu. Na kwa wazee mliomo humu, shikamooni.

Kijiji chetu kiko Kanda ya Ziwa. Baraza la wazee limekubali tuanzishe zamu ya kuwatembelea wazee, hasa wanaoishi peke yao na wale walioachiwa wajukuu. Tumepata watu wanane wa kujitolea, kaunta buku moja na baraka za mtendaji wa kijiji. Tunataka kila nyumba ifikiwe mara moja kila wiki mbili.

Shida ni kwamba hakuna kati yetu anayejua afanye nini akishakaribishwa kigoda. Kuamkia tunajua. Baada ya hapo?

Kilichotusukuma ni mambo manne. Kuna wazee ambao hela ya TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), au ya watoto walioko mjini, inaingia kwenye simu na wao hawaioni. Kuna mashamba yanamegwa na vijana wakati mwenyewe yu hai. Kuna bibi wawili wameanza kunong'onwa habari za uchawi baada ya misiba. Halafu kuna kuanguka: mzee anatoka usiku kwenda chooni, anateleza, nyonga inavunjika, na kuanzia siku hiyo anakuwa wa kulishwa na kutukanwa.

Naomba maelekezo ya vitendo. Hotuba za Juni 15, siku ya kupinga unyanyasaji wa wazee, tumeshazisikia.

---

ustawi_kata:

Mkuu katibu, hilo la mwisho ulilosema ndilo la kuanzia. Unyanyasaji mwingi wa wazee unaota pale mzee anapomtegemea mtu mmoja kwa kila kitu: chakula, hela, dawa, kwenda chooni, hata kujua leo ni siku gani. Kazi ya zamu yenu ni kuhakikisha hakuna mzee mwenye mlango mmoja tu wa kutokea. Ukimkuta wa namna hiyo, weka nyota kwenye jina lake hata kama nyumba ina amani.

Sasa mtakavyokwenda. Nendeni wawili, mwanamke na mwanamume. Mwanamke kwa sababu kuna mambo bibi hatamwambia mwanamume, na wawili kwa sababu neno la mtu mmoja hupingwa kirahisi likifika ofisini. Msiende na fomu mkononi. Andikeni mkishatoka, ila siku hiyohiyo.

Lazima mpate dakika kumi za kuongea na mzee bila mlezi kusikia. Msiseme "tunaomba utupishe", maana hapo mmeshawasha moto na mtaondoka mkauacha unawaka. Mmoja abaki anamsaidia mwenyeji kuchambua mboga, mwingine amwombe mzee amwonyeshe kuku, au ule mwembe wake. Mlezi akiwaandama hadi kwenye banda la kuku na kujibu kila swali kwa niaba ya mzee, hiyo peke yake iandikwe.

Msiulize "unanyanyaswa?" Neno hilo mzee halitumii kwa mtoto wake. Ulizeni mambo ya siku: Jana usiku ulikula nini, na nani alipakua? Hela ikiingia unaambiwa ni kiasi gani? Kuna siku ulitaka kwenda kanisani au msikitini ukazuiwa? Kuna karatasi umewekeshwa dole gumba hujasomewa? Kuna mtu hapa nyumbani akiingia unanyamaza? Kuna aliyekugusa au kukuvuta usivyotaka?

Macho yenu yafanye kazi nyingine. Mzee akijigonga kwa bahati mbaya, alama hukaa kwenye ugoko, nje ya mkono, kwenye goti. Alama upande wa ndani wa mkono, shingoni, masikioni, mgongoni, au alama za vidole kwenye mikono yote miwili juu ya kiwiko, hizo zinahitaji maelezo. Rangi ya jeraha isiwafanye mkisie ni la siku ngapi, mtakosea. Wala msikimbilie kuhukumu, kwa sababu ngozi ya mzee ni nyepesi, na anayemeza asprini huvia damu hata kwa kushikwa tu.

Angalieni pia vitu vinavyokosekana. Miwani iko wapi? Fimbo? Simu? Betri ya redio? Anayetaka kumtawala mzee si lazima ampige. Akificha fimbo, mzee hatoki nje.

---

nesi_mstaafu:

Naongezea upande wa mwili, kwa sababu hapa ndipo watu wa kujitolea wanapopotea pande zote mbili: wanaona unyanyasaji palipo ugonjwa, na wanaona "uzee tu" palipo kutelekezwa.

Mzee aliyelala muda mrefu, mwombeni mlezi muone kitako pale juu ya mfupa wa mkia, nyonga, na visigino. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu, hamtauona. Tafuteni sehemu iliyokoza rangi kuliko ngozi ya jirani, au iliyo ya moto, ngumu, au inayobonyea kama embe lililopondeka. Hicho ni kidonda kinachokuja, bado hakijapasuka. Hapo mlezi afundishwe kumgeuza kila baada ya saa mbili, na kuweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Wengi huweka mto chini ya visigino vyenyewe, na hivyo ndivyo vinavyooza.

Uzito: mpimeni kila mwezi kwenye mizani ya zahanati, au aje mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mizani yake. Kupungua asilimia 5 kwa mwezi si kawaida. Kwa bibi wa kilo 50 hiyo ni kilo 2 na nusu. Sababu inaweza kuwa njaa, meno, kisukari, kifua kikuu au huzuni, kwa hiyo apelekwe akapimwe kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Kuchanganyikiwa. Mzee aliyekuwa timamu juzi, leo anaongea na watu wasioonekana na hajui yuko wapi: huyo ni mgonjwa wa leo. Tafuta maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, sukari kushuka, kukauka maji, au dawa mpya aliyopewa. Apelekwe siku hiyohiyo. Yule ambaye hali imekuja taratibu kwa miezi au miaka, anasahau amekula, anapotea njia ya kisimani, anatoka usiku bila nguo, huyo ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kutembea usiku bila nguo ni dalili inayojulikana ya ugonjwa huo. Majirani waelezwe hivyo mapema, kwa maneno hayo, kabla mganga hajawaeleza yake.

Jambo dogo ambalo halisemwi: wazee wengi hawanywi maji kuanzia saa kumi jioni kwa kuogopa kutoka usiku. Matokeo yake ni mkojo mchafu, kufunga choo, kizunguzungu asubuhi, na kuanguka kulekule walikokuwa wanakukwepa. Mwekeeni ndoo yenye kiti karibu na kitanda. Na waliokatazwa maji mengi kwa sababu ya moyo au figo wafuate walichoambiwa kliniki.

Dawa: fungueni mfuko wa plastiki, mtaukuta chini ya godoro. Diklofenaki ya kila siku "ya mgongo" inapandisha presha, inachubua tumbo na kuumiza figo. Diazepamu ya usingizi ni chanzo kikubwa cha kuanguka. Lakini msimwachishe wenyewe! Aliyeizoea akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Bebeni mfuko wote hadi kwa daktari.

Tena pale zahanati waombe presha ipimwe amelala kwa dakika 5, kisha amesimama dakika ya kwanza na ya tatu. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, basi mmejua kwa nini anaanguka akiamka. Huyo akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo mara ishirini, ndipo asimame.

---

viungo_na_mifupa:

Nimeona wengi hudhani mazoezi kwa mzee ni anasa ya mjini. Miguu ndiyo inayompeleka mzee mwenyewe kwa wakala wa hela za simu na kumtoa kwenye nyumba yenye kelele.

Kipimo cha kuanzia: kiti cha mbao kisicho na mikono, kikiegemezwa ukutani kisiteleze. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, au mwanamume wa umri huo chini ya 12, miguu imeshalegea. Kwa miaka 80 hadi 84 ni chini ya 9 na chini ya 10. Asiyeweza kusimama bila kujisukuma kwa mikono andikeni sifuri, na ndiye wa kwanza kwenye orodha yenu.

Mazoezi yenyewe ni yaleyale ya kipimo. Kusimama na kukaa mara 8, apumzike, arudie. Kushika meza na kunyanyua visigino mara 10. Kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine kwa sekunde 10, ukuta ukiwa karibu. Kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika zisizopungua 150 za mwendo wa wastani. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, asimame na apelekwe kituoni.

Kinachoharibu: watu huanza na kutembea tu. Kutembea pekee kwa mzee ambaye tayari anayumba kunaweza kuongeza kuanguka. Kwanza nguvu na usawa, umbali baadaye.

Fimbo. Mzee asimame wima na viatu vyake, mkono ukining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ndefu zaidi ya hapo inampandisha bega, fupi inamwinamisha. Ishikwe mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu, na hili karibu kila mtu hukosea. Chini ifungwe kipande cha tairi la baiskeli, kibadilishwe kikilainika.

Choo cha shimo: chimbieni nguzo mbili, moja kila upande, zishuke ardhini nusu mita, na mti wa kushika ulale usawa wa nyonga ya mzee, kama sentimita 80. Unene wa sentimita 4 hivi, vidole vizunguke. Mti mnene kama nguzo ya zizi haushikiki kwa mkono wenye baridi yabisi. Kiti chenye tundu kiwe na kimo cha kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, kwa wengi ni sentimita 42 hadi 45. Kamba kutoka mlango wa nyumba hadi chooni, ikazwe usawa wa kiuno, inasaidia sana asiyeona vizuri. Na ndala zilizoisha zitupwe.

Chakula kisisahaulike: mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kama figo zake ni nzima. Uji mtupu asubuhi na ugali kwa mchuzi usiku haufiki hata karibu. Asiye na meno atwangiwe dagaa wakavu, wachekechwe, vijiko viwili vikubwa kwenye uji. Maziwa mgando, mayai, maharage yaliyopondwa. Vya bei ya kijijini hivyo.

---

msaidizi_sheria:

Mkuu katibu, nianze na kanuni moja kabla ya ushauri wowote wa hela: mtu wa zamu haruhusiwi kujua namba ya siri ya mzee, wala kushika simu yake, wala kumtolea hela. Hata akiombwa. Vikundi vya namna hii hufia hapo. Siku hela ikipotea, mtakuwa nyinyi.

Laini kwanza. Mzee apige *106# aangalie usajili wa laini zake. Mara nyingi unakuta laini anayopokelea hela imesajiliwa kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mjukuu. Hapo hata akiibiwa na kwenda kulalamika, kwa mtandao wa simu mwenye laini ni mjukuu. Suluhisho ni laini kwa kitambulisho chake mwenyewe, alama za vidole zake. Vidole vya wakulima wazee hufutika michirizi, mashine ikakataa. Anawe kwa maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta kidogo yafutwe, ajaribu vidole vingine. Asikubali "tumia tu cha mjukuu".

Kama lazima mtu mwingine atoe hela, basi watoe wawili wa nyumba tofauti, na kuwe na daftari dogo la mzee mwenyewe lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, makato, alichokabidhiwa. Mzee asikie ujumbe wa simu ukisomwa kwa sauti, ahesabiwe noti, aweke dole. Ukiona kila mwezi kilichokabidhiwa ni namba kavu kama elfu ishirini wakati iliyoingia inabadilika, kuna tofauti inaliwa.

Ardhi. Karatasi tupu yenye dole gumba ndiyo silaha ya kwanza ya mnyang'anyi. Mzee asiyesoma asiweke dole kwenye kitu bila kusomewa mbele ya mtu asiye na maslahi, na aliyesoma aandike jina lake chini kwamba amesoma. Kwenye ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mauzo hayaishii kwa mnunuzi na mjumbe wa kitongoji chini ya mti. Halmashauri ya kijiji lazima ihusike na kuwe na muhtasari. Katibu, hapa mna nguvu kubwa: mwombeni mtendaji kwamba ombi lolote la kuhamisha shamba la mtu wa miaka 60 na zaidi lisipite mpaka mwenyewe ahojiwe peke yake, pasipo watoto.

Mgogoro ukiwaka, kumbukeni baraza la kata tangu marekebisho ya 2021 ni la usuluhishi tu. Lina siku 30. Likishindwa, shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wengi wanazungushwa kwenye kata miezi minane wakingoja "hukumu" ambayo baraza hilo haliwezi kuitoa.

Wosia nao hupunguza mbio za kugombea mali mapema. Kwa wosia wa kimila wa maandishi, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, asiyejua wanne, nusu wa ukoo na nusu watu baki, wote wanaojua kusoma na kuandika, na mrithi asiwe shahidi. Wake wa mwenye wosia waliopo nyumbani nao wahusishwe. Waislamu wanaofuata sheria yao watamwuliza anayeijua. Nakala inaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini.

Akipigwa: dawati la jinsia na watoto polisi, linapokea na wazee pia, na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa) ijazwe. Hali ikiwa mbaya aanze kutibiwa, fomu itafuata.

---

jirani_wa_ziwa:

Mbona mmelipita la uchawi kana kwamba ni dogo? Huku kwetu usukumani ndilo linaloua.

---

ustawi_kata:

Hatujalipita, tulikuwa tunalifikia.

Tuhuma haianzi na panga. Kuna mpangilio. Kifo cha mtoto au ng'ombe, ziara kwa mpiga ramli, jina linatajwa nusunusu ("ni mama mtu mzima, anakaa upande wa machweo"), watu wanaacha kupokea salamu yake, watoto wanakatazwa kuteka maji naye, halafu karatasi ya vitisho au mawe kwenye bati usiku. Zamu ikishika kwenye hatua ya salamu, kazi bado ni nyepesi. Kwa hiyo baada ya msiba wowote wa ghafla kijijini, ongezeni ziara kwa wajane wanaoishi peke yao, ziwe kila siku mbili kwa wiki za mwanzo. Na ulizeni swali baya: akiondoka huyu, shamba linakwenda kwa nani?

Ramli chonganishi, yaani ile ya kutaja watu kuwa wachawi, ipelekwe polisi kwa jina hilohilo, wanalijua. Mganga wa tiba asili anatakiwa awe amesajiliwa, na usajili haumpi ruhusa ya kutaja wachawi. Kutishia kumuua mtu ni jinai hata bila kumgusa. Karatasi ya vitisho msiikunje na kuipitisha mkono kwa mkono, itieni kwenye bahasha, iandikeni saa na mahali ilipookotwa. Siku hiyo iende kwa mtendaji na polisi kata, na mpate namba ya taarifa. "Nimemwambia mwenyekiti" si taarifa.

Sasa kosa kubwa. Watu wenye nia njema humhamisha bibi moja kwa moja kwa bintiye wilaya nyingine. Amepona, ndiyo, ila aliyemtuhumu amepata alichokitaka na wengine wamejifunza njia. Kama lazima atoke kwa usalama, atoke kwa maandishi: mtendaji aandike kwamba ameondoka kwa muda, shamba na nyumba ni vyake, nani atalilima kwa niaba yake na mavuno yatakwenda wapi. Kufuli iwekwe, na mtu aonekane akipalilia.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, washirikisheni, lakini kwanza jueni nani ni ndugu wa nani humo.

---

fundi_majiko:

Nichangie moja. Macho mekundu ya bibi zetu yanayotajwa kuwa ni ya kichawi ni moshi. Huku miti imeisha, mtu amepika kwa samadi na mabua ya pamba miaka hamsini ndani ya kibanda kisicho na dirisha, unategemea macho yawe meupe?

Jiko la udongo lenye bomba la moshi ni kazi ya siku mbili, na udongo wa kichuguu unafaa sana. Changanya na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, finyanga tonge, liache likauke: likipasuka ongeza mchanga, likimomonyoka ongeza udongo. Kimo kiwe sentimita 45 hivi ili bibi apike amekaa, asiiname juu ya moto. Mdomo wa kuni usizidi sentimita 12, ukiwa mpana anasukumia kuni nyingi na moshi unarudi. Chungu kikae kwa kukaza kwenye tundu. Bomba lipite nje ya ukuta na lipande juu ya paa. Kwa nyumba ya nyasi msilipitishe kabisa kwenye paa, mtaunguza. Masizi yatolewe kila mwezi, likiziba moshi wote unarudi ndani na watu husema jiko halifai. Liache likauke wiki mbili hadi tatu kabla ya moto mkubwa.

---

nesi_mstaafu:

Sahihi kabisa, ila si kila jekundu ni moshi. Kope zilizogeukia ndani zikikwaruza jicho ni vikope, na upasuaji wake ni mdogo. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kutapika na kuona duara za rangi kwenye taa ni presha ya jicho, hospitali siku hiyo. Na matone ya dukani yasitumike kwa kubahatisha, yapo yenye steroidi yanayopoteza macho taratibu bila maumivu.

---

katibu_zamu:

Ahsanteni sana wakuu. Nimechapisha yote, tutayasoma Jumapili. Maswali mawili yamebaki. Moja, mzee anakiri mtoto wake anampiga lakini anakataa tusiseme popote: "nitamfunga mwanangu mimi?" Pili, walezi wenyewe, hasa wakamwana, wameanza kusema tumeletwa kuwachunguza.

---

ustawi_kata:

La pili ndilo jepesi. Ziara ya kwanza mpeni mlezi kitu kabla ya kumwuliza kitu. Mkamwana anayemgeuza mama mkwe usiku, analima mchana na hana wa kumshika mkono, huyo kabla hajawa mtuhumiwa ni mtu aliyechoka. Mpangieni nusu siku kwa wiki, mtu wa zamu akae na mzee yeye aende sokoni au alale. Mfundisheni kulisha: mzee akae wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ameze ndipo kije kingine, asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Kuna mikwaruzano mingi inayotokana na mzee kupaliwa na mlezi kudhani anatema kwa kiburi. Mlezi akianza kusema "afadhali afe tupumzike", msimkemee, ongezeni siku za kumpumzisha na mje mara mbili kwa wiki. Ila anayefaidika na hela huku mzee anakonda, huyo si uchovu.

La kwanza ni gumu. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kukataa. Mkivunja neno lake mara moja, hatawafungulia tena, wala jirani zake. Mwambieni mapema, kabla hajasema lolote: "Tutatunza siri, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini, au kama huwezi kuamua mwenyewe." Akikataa, andikeni tarehe na alichosema kwa maneno yake, kisha mpunguzeni hatari bila kesi. Nani kati ya wajomba au mashangazi mwanawe anamheshimu na anaweza kumkalisha chini? Anapiga akilewa? Basi siku za gulio mzee alale kwa nani? Mpatane ishara: kanga fulani ikianikwa peke yake kwenye kamba mchana, jirani aingie kuomba chumvi. Chumvi, siyo "umepatwa na nini?" Na kila ziara mumwulize tena, maana wengi husema ndiyo kwenye mara ya tatu au ya nne.

---

msaidizi_sheria:

Kuhusu hiyo kaunta buku. Isikae kwa mwenyekiti wala kwa mtu mwenye ukoo mkubwa hapo kijijini. Mpe kila mzee namba, orodha ya majina na namba ikae kwa mtu mmoja, daftari la ziara kwa mwingine. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, fikiria tu daftari lenye "mwanawe anampiga" likisahauliwa kwenye bodaboda.

---

katibu_zamu:

Lilikuwa kwangu mezani, na wageni huingia. Leo jioni nalihamisha.